Ruta Mpya, Namba Zangu

Jumatatu asubuhi fundi wa kampuni ya intaneti alikuja nyumbani kwetu, akaichomoa ruta ya zamani ukutani, akachomeka mpya, nyeupe, yenye masikio manne, akaondoka na ile ya zamani kwapani. Alitumia dakika kumi na moja. Najua kwa sababu nilimpima. Mimi ni fundi saa, watu wananiita Sekunde, na hata mtu akipiga chafya namhesabia.

"Sasa utapaa, mzee," aliniambia mlangoni. "Spidi ya hii si mchezo."

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja, mwenyeji akaugua. Niliketi mezani, nikafungua laptopu yangu, nikabofya mahali ninapobofya kila siku, palipoandikwa KARAKANA. Ikazunguka, ikazunguka, mwisho ikaniandikia kwamba haioni kitu chenye jina hilo.

KARAKANA ndilo jina nililolipa kasha langu. Ni kasha jeusi la chuma, ukubwa wake kama mkate mzima, linakaa kwenye kabati la ukumbini chini ya mashuka ya wageni. Watu wa kompyuta huliita seva. Ndani mna diski mbili zinazotunza mafaili yangu yote. Halina kioo wala vitufe vya kuandikia. Linaongea kwa waya tu, kupitia ruta. Mke wangu huliita mke mwenza.

Na ndani ya kasha hilo mlikuwa na kitabu changu.

Kitabu chenyewe ni cha ufundi saa. Kurasa mia tatu na kumi na mbili, michoro mia moja na sabini niliyoichora kwa mkono wangu na kuipitisha kwenye skana mmoja mmoja. Kimenichukua miaka tisa. Daftari nilizoandikia mwanzo ziliingia unyevu, nusu yake haisomeki, na hiyo ndiyo sababu nililinunua kasha. Sasa shule ya jioni ilikuwa inafungua darasa la ufundi saa. Ni shule ile ile niliyojifunzia kusoma nikiwa na miaka kumi na tisa, mchana nafagia karakana ya watu, jioni nakalia dawati. Mkuu wa shule aliniambia wazi: "Fikisha kitabu chako kiwandani kwa wachapaji Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ikipita hapo, mashine zinaingia kazi nyingine, na sisi itabidi tutumie ile tafsiri ya kitabu cha kigeni."

Tafsiri hiyo nimeisoma. Aliyeitafsiri hajawahi kufungua saa hata ya ukutani. Humo mwanafunzi anaambiwa aipake mafuta springi nyembamba inayopumulisha saa. Ukiipaka mafuta springi ile, umeiua saa. Watu thelathini wangefundishwa kuua saa, na kwenye shule yangu.

Jumanne nikampigia simu yule fundi wa ruta.

"Ruta imekataa kuliona kasha langu," nikamwambia.

Akanieleza, na alieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Kila kifaa ndani ya nyumba kina namba yake kwenye mtandao, kama nyumba za mtaa. Ruta mpya ilikuja na mtaa wake mwenyewe, wenye namba za kiwandani. Kasha langu lilikuwa bado limekaa mtaa wa zamani, likijisemea peke yake.

"Lakini mzee, kama namba zako zingekuwa za kiwandani, tungelipata kwa dakika mbili. Ulizibadilisha?"

"Nilizibadilisha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu zilikuwa za kiwandani."

Nami sikuona haja ya kumsimulia kwamba miaka sita iliyopita, nikiwa na miaka sitini na minane, nilisoma kozi ya kompyuta jioni pamoja na watu walio sawa na wajukuu zangu, na kwamba mwalimu wetu alisema anayeacha namba za kiwandani ameacha kufuli ambayo kila mtu ana ufunguo wake. Darasa zima liliandika maneno hayo. Aliyekwenda nyumbani na kuyatenda ni mimi.

"Sawa," akasema. "Ulizibadilisha kuwa ngapi?"

Hapo ndipo penye aibu yangu. Sikuzikumbuka. Daftarini sikuziandika, kwani ufunguo hauachwi mlangoni. Niliziandika mahali pa usalama, hilo nililikumbuka vizuri kabisa. Mahali penyewe ndipo palipokuwa pamenitoka.

"Angalia kwenye ile ruta ya zamani," nikamwambia.

"Zinafutwa siku hiyo hiyo, mzee. Imeshakuwa ya mtu mwingine. Ila usijali. Nyuma ya kasha lako kuna kitundu. Ingiza pini, bonyeza, hesabu kumi. Litarudi kama lilivyotoka kiwandani, tutaanza upya."

"Na vilivyomo ndani?"

"Kwa kawaida hubaki."

"Kwa kawaida?"

"Ndiyo, kwa kawaida."

"Bwana fundi, ukiniletea saa ya marehemu baba yako, nikakwambia kwa kawaida itatoka nzima, utaniachia?"

"Mzee, mimi nakupa utaratibu."

"Na mimi nakupa shukrani," nikasema, nikakata simu.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. "Umemkata mtu wa watu."

"Amenambia nilichome pini."

"Na wewe ungependa umchome yeye."

Jumatano nzima niliipekua nyumba. Nilitazama nyuma ya picha ya harusi, ndani ya kopo la vifungo, chini ya droo za vipuri, ndani ya soli ya viatu nisivyovaa. Nilipochoka kupekua nikaanza kukisia. Unaweza kuipangia laptopu namba kwa mkono na kuunga waya moja kwa moja kwenye kasha, ukabahatisha mtaa. Nilijaribu mwaka niliozaliwa. Nikajaribu mwaka wa harusi.

"Mwaka wa harusi unaukumbuka?" mke wangu akauliza kutoka jikoni.

"Naukumbuka."

"Utaje."

Nikautaja.

"Umepata," akasema. "Ila ulifikiri mno."

Tulicheka, lakini kicheko changu hakikufika tumboni.

Alhamisi alasiri akaja mkwe wangu, mume wa binti yetu. Anashughulikia kompyuta kwenye ofisi ya bima. Ni mtu mwema, mwenye adabu, hanywi chai kabla yangu. Kasoro yake ni moja tu, haraka. Huyo hata akisubiri hupiga mguu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Nimetumwa," akakiri. "Binti yako kasema nisirudi mpaka jambo hili liishe."

Akalivuta kasha kutoka chini ya mashuka, akaligeuza, akakitazama kile kitundu. Kisha akatoa mfukoni klipu ya karatasi aliyokwisha kuinyoosha. Alikuwa ameinyoosha njiani.

"Rudisha mfukoni," nikamwambia.

"Baba, nilishakushauri mapema. Mafaili yangekuwa huko juu, tungeyashusha hata kwa simu."

"Huko juu ni wapi?"

"Kwenye mashine za kampuni kubwa."

"Basi si juu. Ni kwa watu."

"Kwa watu, lakini yangekuwepo."

Hapo alinipata, nami nilijua kanipata. Nikalichukua kasha nikalipakata mapajani kama mtu aliyepakata mtoto hospitalini. Yeye akabaki na klipu yake mkononi.

"Baba, naomba nikuulize, na usinichukie. Je, kama hutazikumbuka kabisa? Si kosa lako. Umri ni umri. Mwezi uliopita jiko lilibaki likiwaka..."

"Jiko nililiacha mimi," mke wangu akadakia. "Lawama ndiyo niliyomwachia yeye."

Mkwe wangu akainamisha kichwa. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, limekaa nasi pale sebuleni kama mgeni asiyeaga. Ni hilo hasa lililonichoma. Kitabu kingepotea, ningeweza kusema mashine imekila. Lakini kuinyoosha mikono yangu na kumruhusu mtu achome pini kwa sababu mzee amesahau, hapo ningekuwa nimetia sahihi mwenyewe kwamba nimekwisha. Nilijifunza kusoma wakati wenzangu wa karakana wananiambia fagio halina herufi. Nikajifunza hesabu, nikajifunza kuchora, nikajifunza kompyuta. Kote huko palikuwa na mtu wa kuniambia umri umepita.

"Tukubaliane," mkwe wangu akasema taratibu. "Kesho saa tatu asubuhi nitarudi. Ukiwa umezipata, vizuri. Ukiwa hujazipata, tubonyeze. Tukichelewa zaidi ya hapo kitabu hakifiki kwa vyovyote. Afadhali 'kwa kawaida' kuliko hakuna."

Hoja ilikuwa nzuri, na hoja nzuri inaudhi kuliko tusi. Nikamwambia, "Saa tatu. Si saa tatu kasorobo."

Ijumaa nilikaa mezani tangu alfajiri bila kugusa chai. Ilipofika saa mbili na nusu, mke wangu akaivua saa yake ya mkononi, akaiweka mbele yangu kwa kishindo.

"Imesimama tangu Jumatatu," akasema. "Nimekaa kimya kwa sababu fundi wangu ana vita. Lakini leo nataka kujua saa."

"Sasa hivi?"

"Mikono yako imekaa bure tangu asubuhi. Au nayo imesahau?"

Nilivaa lenzi jichoni, nikachukua bisibisi yangu ndogo, nikaufungua mfuniko wa nyuma. Ilikuwa betri tu. Nikaitoa, nikaweka nyingine, mshale wa sekunde ukaondoka. Nikauchukua mfuniko kuurudisha, nikaugeuza kwenye mwanga kufuta alama ya kidole.

Upande wa ndani, kwa mwandiko wangu mdogo wa sindano, palikuwa na mistari minne. Tarehe na namba ya kazi. Tarehe na namba ya kazi. Mara nne nimeifungua saa hiyo katika maisha yetu, na mara nne nimekwaruza ndani ya mfuniko wake. Mafundi saa wote hufanya hivyo. Mwenye saa haoni. Anayeona ni fundi atakayefuata, hata akiwa wewe mwenyewe baada ya miaka thelathini.

Nikabaki nimeushika hewani.

"Unasoma nini humo?" mke wangu akauliza. "Umeandikwa mwanamke mwingine?"

"Mama," nikamwambia, "kuna kitu gani nimewahi kukifunga kwa mikono hii bila kukikwaruza ndani?"

"Hakuna. Hata mifuniko ya sufuria zangu umeitia tarehe."

Sikumsubiri amalize. Nililizima kasha kwa taratibu zake, nikachomoa waya wa umeme, nikalilaza juu ya kitambaa safi. Skrubu mbili nyuma. Ile ya pili ilikuwa ngumu, na jasho likanidondoka kwenye lenzi. Mlango ukabishwa hodi. Mkwe wangu huyo, saa tatu kamili, klipu mkononi kama mtu aliyeleta ua.

"Baba! Unalifungua?"

"Shika taa. Kaa kimya."

Mfuniko ukatoka. Nikaugeuza. Vumbi jembamba, na chini ya vumbi, kwenye kona ya kushoto ninakokwaruza siku zote, tarehe ya miaka sita iliyopita, na chini yake:

10.44.17.9

Arobaini na nne ilikuwa namba ya kikabati changu katika karakana ya kwanza, ile niliyokuwa nafagia. Nilipoiona tu, zote zikarudi, hata mvua iliyokuwa inanyesha siku ile.

Mkwe wangu akainama, akasoma, akasoma tena. "Umeandika ndani ya chuma," akasema.

"Karatasi hupotea."

"Na wewe ukasahau kwamba umeandika."

"Nilisahau. Mkono haukusahau. Irudishe hiyo klipu ofisini kwenu, ikashike karatasi."

Nililifunga kasha, nikaliwasha. Mkwe wangu akavuta laptopu. "Sasa ni rahisi. Tunaingia kwenye kasha kwa waya, tunalipa namba mpya zinazolingana na ruta, basi."

"Hatulipi kasha namba mpya."

"Baba?"

"Kasha ni mwenyeji hapa. Miaka sita lipo. Aliyekuja Jumatatu ni ruta. Nani amfuate nani?"

"Lakini kampuni imesema mipangilio ya ruta isiguswe."

"Na nyumba hii wanalala wao?"

Niliipindua ile nyeupe yenye masikio manne. Nywila yake ilikuwa imebandikwa tumboni, wazi, kwa kila mwenye macho. Na hao ndio wa kunifundisha usalama. Nikaingia ndani yake. Ilinikataa mara moja, kisha mara ya pili kwa sababu nilikosea nukta. Mara ya tatu nikaandika, ruta ijiite 10.44.17.1, na nyumba yote iwe mtaa wa kumi, arobaini na nne, kumi na saba. Na ile nywila ya tumboni nikaibadilisha. Nikabofya hifadhi.

Taa zote za ruta zikazimika.

Mkwe wangu aliacha hata kupiga mguu. Nilihesabu mpaka sekunde tisini na nne, ndipo taa ya kwanza ikarudi, kisha ya pili, kisha zote. Nikabofya KARAKANA.

Kasha likaniomba nywila. Hiyo ninaikumbuka, na siisemi. Folda zikajipanga kwenye kioo moja baada ya nyingine, na katikati yao, KITABU.

Mke wangu alipiga kigelegele kimoja tu, akarudi jikoni kupasha chai. "Mke mwenza kaamka," nikamsikia akisema.

"Nakili kwenye flashi twende," mkwe wangu akasema, ameshasimama. "Saa nne kasoro robo hii."

"Kwanza nikikague."

"Baba, kimekaguliwa miaka tisa!"

"Saa haitoki karakanani bila kutazamwa. Kaa."

Hapa nakiri, safari hii haraka yake ilikuwa na haki. Nilipitia michoro yote mia moja na sabini. Alizunguka meza, akatazama dirisha, akatazama simu, akanywa chai kabla yangu. Nilipofika mchoro wa themanini na nane nikakuta gurudumu nililoliandikia meno kumi na tano, wakati nimelichora na meno kumi na manne. Nikamwita aone.

"Nani angelihesabu?" akauliza.

"Mwanafunzi wangu."

Nikarekebisha. Tulipotoka nyumbani flashi ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu, imefungwa kwa pini ya nguo. Nyingine nilimpa mkwe wangu aiweke kwake, kabatini, mbali na nyumba yangu. Alinitazama kwa mshangao.

"Si kwamba umenishinda kuhusu huko juu," nikamwambia. "Fundi huwa na kioo cha akiba. Kitabu kingekuwa na akiba tangu mwanzo, nisingekonda wiki nzima. Hilo nakupa."

Barabara ilikuwa inachimbwa, tukashuka kwenye gari lake mitaa mitatu kabla, tukaenda kwa miguu. Nina miaka sabini na minne. Sikukimbia, lakini kuna watu niliowapita. Tulipoingia ofisi ya wachapaji, mama wa mapokezi, mtu mzima mwenye miwani ya kamba shingoni, alikuwa anafunga daftari la kupokelea kazi. Akanyoosha kidole ukutani juu ya kichwa chake.

"Mzee wangu, pole. Saa sita na dakika tano. Vya leo nimeshafunga."

Mkwe wangu akashusha pumzi kama tairi lililotobolewa. Mimi niliitazama ile saa. Nilitazama mshale wake wa sekunde unavyoruka. Nikautazama wa saa yangu ya mkononi.

"Mama, saa yako inakimbia," nikasema.

"Saa ya ofisi hiyo, mzee. Wote hapa tunaifuata."

"Mnaifuata wote, na wote mnakosea. Inakimbia dakika nane. Sasa hivi ni saa sita kasoro dakika tatu. Kama nadanganya, toa simu yako."

Alinitazama juu ya miwani. Watu wawili waliokuwa wanasubiri kwenye benchi wakageuka. Akatoa simu kwenye mkoba, polepole, kama mtu anayemtii kichaa ili aondoke. Akaisoma. Akaitazama saa ya ukutani, akaisoma simu tena.

"Kasoro mbili," akasema.

"Tumepoteza moja tukibishana."

Mmoja wa kwenye benchi, aliyevaa ovaroli ya kiwanda, akaangua kicheko. "Ndiyo maana kila siku nafika kazini nimechelewa!"

Mama wa mapokezi akafungua daftari, akapokea flashi, akaichomeka, akafungua faili kuhakikisha ipo. Kitabu kikatokea kwenye kioo chake, ukurasa wa kwanza. Akauliza jina la kazi, nikamwambia. Akauliza mwandishi amesomea wapi, fomu inataka.

"Shule ya jioni," nikajibu.

"Na chuo?"

"Andika shule ya jioni. Nafasi ikibaki, iandike tena."

Akaandika. Akagonga muhuri, akaandika saa pembeni, na nilisimama pale mpaka nikaona ameandika saa sita kasoro moja. Kisha nikatoa kwenye koti bisibisi yangu ndogo, na sindano ya kukwaruzia.

"Baba, twende nyumbani," mkwe wangu akasema. "Tumeshinda."

"Wewe tangulia kwenye gari ukapige mguu," nikamwambia. "Mama, naomba hicho kiti."